Mrejesho: Matembezi ya Kuongozwa Mjini Roma

Ndugu zangu, niliwauliza kama inafaa kulipia matembezi ya miguu mjini Roma pamoja na mwongoza watalii, nikiwa na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua, au tuzunguke wenyewe kwa ramani ya simu. Tumekwisha kurudi, na jibu langu ni kwamba inategemea mahali.

Siku ya Colosseum, ule uwanja mkubwa wa michezo wa Warumi wa kale, kundi letu lilikuwa kubwa mno, kifaa alichopewa mama ili amsikie mwongozaji kilikwaruza tangu mwanzo, na zile njia za Forum, magofu ya kale yaliyo jirani, zilizotandazwa mawe makubwa yaliyolika zilimchosha kabla hatujafika nusu. Tulijitenga tukakaa kivulini, na fedha hazikurudishwa.

Pantheon, hekalu la kale la Warumi, ilikuwa habari nyingine kabisa. Safari hii tulikuwa watu 6 tu, na mwongozaji alitusimamisha nje kwanza ili tusome jina la Agrippa, aliyejenga hekalu la kwanza mahali hapo, lililochongwa juu ya nguzo, kisha akaeleza kwamba jengo tunaloliona lilikamilishwa zama za Kaisari Hadrian, aliyelihifadhi jina la mjenzi huyo wa kwanza. Ndani, chini ya kuba lenye upana wa takriban mita 43, alimwonyesha mama vitundu vidogo sakafuni vinavyopitisha maji, kwa kuwa tundu la katikati ya kuba halina kifuniko na mvua huingia moja kwa moja. Mama aliinama kuvigusa, magoti na yote.

Chemchemi ya Trevi tuliiendea wenyewe, alfajiri. Haikuhitaji mtu wa kutuongoza.