Gumzo la familia: Smuthi ya kijani, majani kwanza

Neema: Shikamooni wakubwa. Nataka kuanza smuthi ya kijani kila asubuhi. Naomba vipimo kamili, siyo "weka kiasi".

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Vipimo vya mtu mmoja hivi hapa:
maji nusu kikombe (ml 120)
spinachi mbichi vikombe 2 vilivyoshindiliwa kidogo (gramu 60 hivi)
mtindi usio na sukari nusu kikombe
nusu ndizi mbivu iliyogandishwa
embe lililokatwa nusu kikombe
robo ya parachichi dogo
maji ya limau kijiko 1 cha chakula
tangawizi kipande cha sentimita 1
Inatoka glasi moja kubwa. Sukari wala asali usiweke, ndizi na embe vinatosha.

Neema: Asante shangazi. Natia vyote pamoja nasaga?

Kaka Idi: Hapana, hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukitia vyote kwa pamoja, embe na ndizi vinalainika haraka lakini majani yanabaki vipande vipande, unatafuna nyasi. Anza na maji na majani PEKE YAKE, pamoja na tangawizi. Saga sekunde 45 hadi 60. Zima, mimina kidogo kwenye kijiko, angalia. Ukiona chembe za majani, endelea. Yakishakuwa maji ya kijani matupu ndipo unatia mtindi, embe, limau na parachichi, sekunde 20. Ndizi iliyoganda mwisho kabisa, sekunde 20 nyingine, basi.

Neema: Na ikizunguka tu bila kusaga? Majani yanakaa juu, kisu kinapiga kelele chini.

Kaka Idi: Hiyo ni hewa imezunguka kisu. Kisu kinakata hewa, majani hayashuki. Zima, chomoa waya ukutani, sukuma majani chini kwa mwiko, ongeza vijiko 2 vya maji. Usiingize mwiko ikiwa inazunguka hata siku moja. Ukitaka lisitokee, maji yawe chini siku zote, majani juu yake, na jagi lisizidi theluthi mbili. Blenda yenye nguvu ndogo ikatie majani kwanza kwa kisu. Sukuma wiki ing'oe ule uti wa katikati, una nyuzi ngumu ambazo blenda ya kawaida haizimalizi.

Mama Mdogo Salma: Jamani mimi swali langu ni sukari. Wapo wanaosema smuthi ni nzuri kwa wenye kisukari, wapo wanaosema ni sumu. Tushike lipi?

Shangazi Mwajuma: Wifi yangu, inategemea kilichomo ndani. Hesabu hii: ndizi moja ya wastani ina sukari gramu 14 hivi. Kikombe cha embe, gramu 22 au 23. Kikombe cha juisi ya machungwa, zaidi ya gramu 20. Mtu akitia hivi vitatu na majani machache juu, amekunywa karibu gramu 58 za sukari kwa dakika tano. Rangi ya kijani inamdanganya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari huru (inayoongezwa kwenye chakula, na ile ya asali na juisi) isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Sukari ya juisi inahesabiwa humo.

Mama Mdogo Salma: Hata juisi ya kukamua nyumbani?

Shangazi Mwajuma: Hata hiyo. Ndiyo maana kioevu chetu kiwe maji, maziwa au mtindi, KAMWE kisiwe juisi. Mwenye kisukari aondoe embe, abaki na nusu ndizi au kikombe nusu cha matunda mengine, aongeze tango kupata wingi. Mtindi na parachichi asiviondoe. Protini na mafuta vinafanya tumbo limwage chakula polepole, sukari isipande ghafla. Anywe taratibu pamoja na mlo. Halafu apime sukari saa mbili baadaye, namba ndiyo itakayomwambia kama kipimo hicho kinamfaa.

Mjomba Hamisi: Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande? Nasikia majani ya kijani yamekatazwa.

Shangazi Mwajuma: Shemeji, hayajakatazwa, ila kinachohitajika ni kutobadilisha kiasi ghafla. Warfarini inafanya kazi kwa kuzuia vitamini K, na kikombe kimoja tu cha spinachi mbichi, gramu 30, kina vitamini K inayopita mahitaji ya siku nzima. Mtu aliyekuwa hali majani akianza vikombe viwili kila siku, dawa inapungua nguvu na damu inaweza kuganda. Akiwa anakula kila siku halafu akaacha ghafla, dawa inazidi na anaweza kuvuja damu. Kwa hiyo aongee na daktari wake KABLA ya kuanza, apimwe damu, dawa irekebishwe, kisha kiasi cha majani kibaki kilekile.

Mjomba Hamisi: Nimekuelewa vizuri shemeji.

Shangazi Mwajuma: Wengine wa kumuona daktari kwanza ni wenye ugonjwa wa figo. Spinachi, ndizi na parachichi vyote vimejaa potasiamu, na figo dhaifu haziwezi kuitoa. Ikizidi inavuruga mapigo ya moyo.

Neema: Na mawe kwenye figo? Nimesoma kuwa spinachi inaleta.

Shangazi Mwajuma: Swali zuri. Spinachi ina oksaleti nyingi mno, yaani kemikali ya asili iliyomo kwenye mimea. Oksaleti ikikutana na kalisi (kalsiamu) kwenye mkojo inatengeneza fuwele, na mawe mengi ya figo ni ya aina hiyo. Kwa mtu mwenye figo nzima na anayekunywa maji ya kutosha, gramu 60 mara mbili au tatu kwa wiki si tatizo. Shida ni spinachi ileile, glasi mbili tatu, kila siku, kwa wiki kadhaa. Madaktari wamewahi kuandika kuhusu wagonjwa ambao figo zao ziliharibika baada ya "kusafisha mwili" kwa smuthi za namna hiyo. Kwa hiyo BADILISHA MAJANI. Sukuma wiki ina oksaleti kidogo sana ukilinganisha na spinachi, na saladi ya majani pia. Spinachi siku mbili, sukuma siku tatu, saladi siku mbili. Na ule mtindi una kazi nyingine: kalisi yake inaikamata oksaleti tumboni kabla haijaingia kwenye damu, inatoka na choo. Aliyewahi kupata mawe aache spinachi mbichi kabisa, sukuma inamtosha.

Kaka Idi: Shangazi hapo naongeza: majani ya viazi mbatata, ya nyanya na ya muhogo YASIINGIE kwenye blenda. Ya muhogo yakisagwa mabichi yanatoa sianidi. Yanahitaji kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Si kila jani la kijani linanyweka.

Shangazi Mwajuma: Hilo ni la kuandikwa kwa herufi kubwa. Asante Idi.

Mama Mdogo Salma: Tumbo kujaa gesi je? Ni dalili kwamba smuthi inamkataa mtu?

Shangazi Mwajuma: Mara nyingi ni nyuzinyuzi zimeingia nyingi kwa mara moja. Wiki ya kwanza aanze na nusu kikombe cha majani, ya pili kikombe kimoja, ya tatu viwili. Na anywe maji mchana kutwa, nyuzinyuzi bila maji zinafunga choo. Tena asiichuje! Ukichuja umetupa nyuzinyuzi zote, imebaki juisi. Kama gesi inakuja kila akitia mtindi au maziwa, basi huenda ni laktosi, sukari ya maziwa, ajaribu bila.

Neema: Chuma je? Wanasema spinachi inaongeza damu.

Shangazi Mwajuma: Chuma kimo, lakini cha mimea kinafyonzwa kidogo. Vitamini C inasaidia, ndiyo maana nimeweka limau. Chai na kahawa vinazuia, viachane na smuthi kwa saa moja. Na anayetafuta chuma hasa aondoe mtindi siku hiyo, kwa sababu kalisi nayo inapunguza kidogo. Ila mwenye upungufu wa damu asitegemee smuthi, apimwe atibiwe.

Parachichi nalo watu wanaliona la kunogesha tu. Beta karotini (ambayo mwili unaigeuza vitamini A) na vitamini K zinahitaji mafuta ili zifyonzwe. Kama halipo, weka kijiko 1 cha chakula cha siagi ya karanga.

Neema: Yangu ya leo ya majaribio imetoka kahawia 😩 Nilitia na matunda mekundu ya kugandisha.

Kaka Idi: Kijani na nyekundu vikichanganyika vinatoa kahawia, ni rangi tu, haijaharibika. Ukitaka ibaki kijani tumia embe, ndizi, peasi au nanasi. Kuna jambo jingine hapo: matunda madogo meusi na mekundu usiyasage na ndizi. Ndizi ina kimeng'enya kinachoharibu flavanoli, viambato vyenye faida vya matunda hayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilionyesha mwaka 2023. Kwenye matunda hayo weka embe au mtindi badala ya ndizi.

Mama Mdogo Salma: Na ikiwa chungu? Ya nanasi na maziwa inakuwa chungu ikikaa.

Kaka Idi: Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinavunjavunja protini ya maziwa na kuacha uchungu. Nanasi liende na maji, au unywe palepale. Nanasi la kopo halifanyi hivyo kwa sababu limepashwa moto. Uchungu wa majani yenyewe unaondolewa na limau na chembe ya chumvi, siyo sukari.

Neema: Naweza kutengeneza ya wiki nzima Jumapili?

Kaka Idi: Iliyosagwa isizidi saa 24 kwenye friji. Jaza chupa hadi mdomoni, hewa ndiyo inayoiharibu. Ikitengana tikisa tu. Kwa wiki nzima andaa mifuko: majani yaliyooshwa na kukaushwa, ndizi, embe, tangawizi, kila mfuko glasi moja, weka friza. Asubuhi unatia maji na majani yaliyoganda kwanza, kisha mengine. Majani yakiwa na maji wakati wa kugandisha yanashikana kama jiwe, yakaushe kwa kitambaa safi.

Mjomba Hamisi: Kuosha kunatosha kwa maji tu?

Kaka Idi: Ndiyo mjomba, sabuni isiguse majani, yanainyonya. Zamisha kwenye beseni la maji, yatikise, acha dakika 2 mchanga ushuke. Kisha yaTOE kwa mkono. Ukimimina beseni, mchanga unayarudia. Rudia hadi chini pabaki safi, malizia na maji ya bomba yanayotiririka. Kama maji si salama kunywa, tumia yaliyochemshwa, maana hapa hatupiki.

Mama Mdogo Salma: Watoto wanaruhusiwa?

Shangazi Mwajuma: Zaidi ya mwaka mmoja, nusu glasi pamoja na chakula. Chini ya mwaka hapana, wala asali wasipewe kabisa. Na kwa wote, watoto na wakubwa, smuthi inakaa kando ya chakula, haikai mahali pake. Mwongozo wa Uingereza unaihesabu kuwa fungu moja tu la matunda na mboga kwa siku, hata ukinywa lita nzima. WHO wanataka gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Mchana na usiku mboga ziwepo kwenye sahani, za kutafuna.

Neema: Kesho naanza na nusu kikombe cha sukuma, maji, mtindi, nusu ndizi. Embe nitaongeza wiki ya pili.

Kaka Idi: Ukimaliza kunywa, tia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni kwenye jagi, zungusha sekunde 30, suuza. Kisha fungua kisu na ile raba ya chini uisugue, mabaki ya majani yanajificha hapo na harufu ya siku ya tatu inatoka hapo.