"Jikaze": tunakuza watoto imara au tunawafundisha kuficha?

Mleta mada:
Wakuu, kuna neno linanikereketa. Mtoto akianguka, jikaze. Akifiwa, jikaze. Akiwa mtu mzima, kaachishwa kazi, usingizi umemhama, bado ni jikaze. Wanaolitetea husema ndilo lililowakuza. Mimi nadhani wanalipa sifa isiyo yake.

Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi wakawa watu wazima. Karibu theluthi yao walikulia kwenye dhiki hasa: umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi, maradhi ya akili nyumbani. Katika hao wa dhiki, mmoja kati ya kila watatu alikua vizuri, akajimudu na kujali wengine. Jambo moja lilijirudia kwao: kulikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewashika mkono. Wala si lazima mzazi. Bibi, shangazi, mwalimu, hata jirani.

Nipingeni.

Mchangiaji wa 1:
Nakupinga, tena kwa utafiti wako mwenyewe. Umeruka kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na majukumu, mathalani kulea wadogo zao. Walihitajiwa! Mtoto anayebebwa kila saa atajuaje miguu yake ina nguvu kiasi gani? Mimi ni wa kwanza kati ya saba. Mama alipougua, nyumba niliibeba mimi, na hakuna aliyeniuliza najisikiaje. Leo mambo yakiharibika sitetemeki.

Mleta mada:
Hilo la majukumu nimeliruka kweli, nakubali. Ila ndugu yangu, hutetemeki au huonyeshi? Siulizi kwa kejeli.

Mchangiaji wa 2:
Mnaongea kana kwamba familia ni dawa siku zote. Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili. Kila akitoka hospitali haipiti miezi mingi, karudi wodini. Na tulimpenda jamani! Tulimpenda kwa kumsema asubuhi hadi jioni: mbona hujaoga, mbona umelala, unatutia aibu. Mama alikuwa hambanduki mlangoni pake.

Muuguzi mmoja ndiye aliyetufumbua macho. Kumbe mtafiti George Brown na wenzake walishaonyesha London, mwaka 1972, kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama, chuki au kuzongwa kupita kiasi hurudiwa na ugonjwa kwa urahisi zaidi. Akatufundisha kusema maneno machache, kumwachia saa zake za kukaa peke yake, na kugombana (kama lazima tugombane) mbali na yeye. Dawa anaendelea nazo. Hajapona, ila huu mwaka wa pili analala nyumbani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama mtoto ana mtu, ulizeni huyo mtu anafanya nini akiwa naye.

Mchangiaji wa 3:
Na wale wa "toa ya moyoni" nao je? Nilipofiwa na mume wangu walinijia kwa zamu, kila mmoja anataka nisimulie upya ilivyokuwa. Nikinyamaza, naambiwa nitaugua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011, ule wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, unakataza kabisa kumshinikiza mtu asimulie yaliyomkuta. Sikiliza akitaka kusema, angalia mahitaji yake, mkutanishe na watu wake.

Aliyenisaidia mimi ni jirani aliyekuja kila jumamosi akafua nguo za watoto, akaanika, akaenda zake. Mwezi wa tatu nikamwambia mwenyewe, bila kuulizwa.

Mchangiaji wa 1:
Huyo wa nguo hakukwambia ujikaze?

Mchangiaji wa 3:
Hakuniambia kitu.

Mchangiaji wa 1:
Sawa. Bado naamini katika majukumu, hapo sitoki. Lakini lile swali la "hutetemeki au huonyeshi" nimelisoma mara tatu. Mke wangu naye kalisomea begani kwangu, akacheka peke yake. Leo sijibu.