Ushauri: mashine ya kurekodia CD, Tascam CD-RW900MKII au CD-RW901MKII?

Mpiga Kinanda: Habari za humu wakuu. Kwaya yetu ina kaseti nyingi za zamani tunataka kuzihamishia kwenye CD, na ibada ya Jumapili nayo tunairekodi kwa simu, sauti inatoka kama watu wanaimba ndani ya pipa. Nimepata mashine mbili za mtumba, hizo za kwenye kichwa cha uzi. 901 ni ghali zaidi, lakini nikisoma karatasi za maelezo, mashine zote mbili ni 44.1 kHz, biti 16, yaani ubora uleule wa sauti. Hela ya ziada nalipia nini?

Fundi Mitambo: Mkuu, hizo namba achana nazo. CD ya muziki ndivyo ilivyo, mashine ya bei yoyote haivuki hapo. Tofauti iko mgongoni. 900 kwa analogi (sauti isiyo ya digitali) ina RCA tu, zile plagi ndogo za redio za nyumbani, zinazotumia kiwango cha chini cha sauti, -10 dBV. 901 inaongeza XLR, zile plagi za pini tatu kama za maikrofoni, za balansi (waya wake unazuia kelele) na za kiwango cha juu, +4 dBu, pamoja na AES/EBU, njia ya kupitisha sauti ya digitali. Miksa yenu inatoa nini? Kama ni XLR, na waya unatambaa mita kadhaa kando ya nyaya za umeme, chukua 901, ule mngurumo wa umeme utapungua sana. Ukilazimisha +4 kwenye RCA sauti inazidi kwa karibu desibeli 12, na digitali ikijaa haina huruma. Kaseti ikizidi kidogo unaweza kuvumilia, CD inapasua sauti moja kwa moja. Usiruhusu mita ya sauti ifike 0.

Mtoto wa Pwani: Kwa kaseti peke yake 900 inatosha kabisa, deki nyingi za kaseti zinatoa RCA hizohizo.

Kijana wa Studio: Jamani, CD mpaka leo? Nunua kirekodi cha kadi ya SD, unapata biti 24.

Mpiga Kinanda: Wazee wetu wanasikilizia kwenye magari yao, flashi hawataki kuisikia 😂

Fundi Mitambo: Kijana hajakosea kwa upande wa ibada. CD-R ina dakika 80, mahubiri yakinoga diski inaisha katikati ya maombi. Ibada rekodi kwenye kadi, kaseti peleka kwenye CD.

Dada wa Redio: Kabla hujatoa hela, nenda na CD-R mpya. Rekodi dakika tano mbele ya muuzaji, finalaizi (yaani ifunge diski ili mashine nyingine ziisome), halafu ukaijaribu kwenye redio ya gari. Bila kufinalaizi, redio nyingi zitaiona kama diski tupu. Lenzi iliyochoka mara nyingi inasoma vizuri ila inashindwa kuandika, kwa hiyo usikubali akupigie CD ya dukani tu ukaridhika. Uzuri wa mashine za kazi kama hizi ni kwamba zinapokea CD-R za kawaida za kompyuta. Zile za nyumbani zilikuwa zinadai diski zilizoandikwa "Music". Na soma kibandiko cha umeme.

Mpiga Kinanda: Nimerudi dukani sasa hivi. 901 imeandikwa 120 V, 60 Hz. 900 ni 230 V.

Dada wa Redio: Hiyo 901 ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani. Ukiichomeka ukutani hapa kwetu inaungua. Inataka transfoma ya kushusha umeme, kwa hiyo bei ya transfoma aitoe kwenye bei ya mashine. Akikataa beba 900, ila jaribio la CD-R liko palepale.