Naomba ushauri: kununua nyumba ya urithi Majengo, Dodoma

Ndugu zangu, nataka kununua nyumba ya zamani Majengo, hapa Dodoma, ambayo ukuta wake mmoja umeshikana na wa jirani, na mvua ikinyesha maji ya bati la jirani humwagika uani hadi plasta ya chini imebanduka. Wauzaji ni ndugu wanne waliorithi, lakini hati bado ina jina la marehemu baba yao, nayo ilitolewa na CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa mwaka 2017. Wananihimiza tuandikishiane kwa mwenyekiti wa mtaa tu, jambo ambalo, kusema kweli, linanitia shaka. Je, nisubiri mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, au nitangulize sehemu ya fedha mbele ya wakili? Na ukuta ule, nani atautengeneza?