Kulisha ndege bustanini wakati wa baridi huku Uingereza: tunawasaidia au tunawaambukiza?

MLETA MADA
Wakuu habari zenu. Naileta hii tuijadili maana nimebishana na jirani mpaka sasa tunakwepana uani. Huku karibu nusu ya kaya zinalisha ndege wa bustanini, ikifika Novemba watu wanabeba mbegu za alizeti na karanga kwa mifuko, wanajaza vile vichupa vya kuning'iniza na wengine wanamwaga tu kwenye trei bapa juu ya nguzo. Nia njema kabisa. Sasa kuna ndege anaitwa greenfinch, jamii ya chiriku, kijani kijani hivi, tangu 2005 anamalizwa na ugonjwa wa trikomonosisi. Ni kijidudu kinakaa kooni, koo linavimba, ndege anatafuna mbegu akishindwa kumeza anaitema, mwenzake anakuja anaiokota ile ile yenye mate. Mgonjwa utamjua tu, amejitutumua manyoya, mdomo umelowa na makapi yamegandia, ukimsogelea wala haruki. Walikuwa kama milioni 4.3, ndani ya miaka michache wakabaki kama 2.8, na 2021 wakaingizwa kwenye orodha nyekundu ya nchi hii, yaani ya ndege walio hatarini zaidi. RSPB, shirika kubwa la kuhifadhi ndege ambalo nalo linauza hivyo vifaa, Januari 2025 lilisimamisha kuuza trei bapa. Msimamo wangu: trei zipigwe marufuku maduka yote, na asiyeweza kuosha asilishe. Karibuni.

MDAU WA LEICESTER
Mkuu unakuza mambo. Blue tit, kale kandege kadogo ka bustanini, ana gramu 11 hivi, usiku wa Desemba ni saa 16, asiposhiba mchana asubuhi haioni. Na atakula wapi, vichaka vimeng'olewa, watu wamemwaga zege wapate pa kupaki gari, wengine wametandika nyasi za plastiki. Ukitaka marufuku anza na hizo nyasi. Halafu jirani yangu bibi wa watu hatoki ndani, kinachomwamsha kitandani ni hao ndege dirishani, ukamwambie nini?

MKULIMA MBARALI
Nyie watu mna hela hahaha. Huku kwelea kwelea wakitua kwenye mpunga tunashinda juani tunaamia, makopo na manati mpaka sauti inakauka, nyie mnawanunulia karanga!! Ila endeleeni nafuatilia.

MTOTO WA MOMBASA
Hapo kwa karanga mnipe nafasi. Watu wananunua za bei chee, wanaziweka stoo yenye unyevu zinashika ukungu, kisha wanasema haidhuru, ni za ndege. Hiyo ni sumukuvu ndugu zangu, ile ile iliyoua watu zaidi ya 100 kwetu Kenya 2004 kwenye mahindi. Inakula ini la ndege vilevile. Kama wewe mwenyewe huwezi kuzila usimpe.

MPENDA NDEGE
Mbona hakuna aliyegusa hili. Kuna ndege anaitwa blackcap, wa mashariki mwa Ulaya baridi ikianza wanashuka mpaka kwetu Afrika Mashariki, lakini baadhi ya wale wa Ulaya ya kati ambao safari yao ilikuwa Hispania siku hizi wanakuja kukaa Uingereza msimu wa baridi, na watafiti wameihusisha hiyo na chakula cha bustanini. Yaani mifuko yetu ya mbegu inabadilisha njia za misafara! Halafu angalia nani anashiba, blue tit na ndugu yake great tit, ambao hawana shida hata kidogo. Wanatoka kwenye baridi wana nguvu, wanawahi mashimo ya kutagia, pied flycatcher, ndege mwingine wa kutaga mashimoni, anarudi Aprili kutoka Afrika Magharibi anakuta nyumba ina mtu. Mimi hata usafi ukiwa asilimia mia bado nauliza tunamlisha nani.

MLETA MADA
@Mpenda ndege hiyo nzito, sina jibu lake la haraka. @Leicester bibi asiguswe, vijana wa hapo jirani, ukiwemo wewe, mmwoshee. Kila wiki, maji ya moto na sabuni, ndoo yake peke yake msioshee kwenye sinki la vyombo maana salmonela, bakteria wa kuharisha, ipo, kisha anika mpaka pakauke kabisa, kile kijidudu hakiwezi ukavu. Ukiona hata mgonjwa mmoja shusha vyote, mwaga na maji yao ya kunywa, kaa wiki mbili au zaidi ndio urudishe. Za nyasi za plastiki nakuunga mkono moja kwa moja.

MDAU WA LEICESTER
Kuosha sawa, nitamwoshea. Marufuku bado napinga. Trei ni ubao na misumari minne, mtu atagonga mwenyewe nyuma ya nyumba, utamkamata nani?