Naomba ushauri: niiboreshe kompyuta ya 2012 au ninunue nyingine?

Wakuu, habari za leo. Naombeni msaada wa mawazo.

Kompyuta ni ya mezani, ya nyumbani: prosesa Core i5-3470, RAM ya DDR3 kijiti kimoja cha GB 4, hard disk ya GB 500, Windows 10. Kazi zake ni Word, Excel, kuprinti na masomo ya watoto mtandaoni.

Ukiiwasha, inapita kama dakika sita kabla haijafungua chochote. Task Manager inaonyesha diski 100% huku prosesa haifiki 20%. CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski) inatoa alama ya njano: sekta zilizohamishwa, yaani sehemu mbovu za diski zilizobadilishwa na za akiba, zilikuwa 8, wiki hii ni 24. Mafaili nimeshayatoa. Nimezima programu zinazojiwasha zenyewe, nimepuliza vumbi, nimebadilisha pesti ya prosesa. Joto limeshuka, kasi ni ileile.

SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya GB 240 na kijiti kingine cha RAM vitaifufua, hilo sina shaka nalo. Kinachonikwamisha ni kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Hii ni kizazi cha 3. SSD nitaweza kuihamishia mashine mpya baadaye, ila DDR3 haitaingia kwenye nafasi za DDR4, RAM ya kizazi kinachofuata.

Bajeti ni shilingi 400,000, niko Dar. Je, niweke SSD na Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows), au nitafute kompyuta ya mtumba yenye i5-8500, ya kizazi cha 8? Na nikienda dukani, nikague nini kabla ya kulipa?