KARO (vigae vya sakafu)! Kwenye jukwaa! Watu wa Lubumbashi, nimechoka kabisa

Mama_Ngoma:
Nimetoka kwenye mkutano sasa hivi, hata viatu sijavua. Mnamjua yule mchora plani. Yule yule wa koti la buluu, mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Ameita "wasanii wote wa mji" tuone plani ya jumba jipya la sanaa za maonyesho. Wasanii tulikuwa wanne. Viti vyote vya mbele walikalia wauza saruji.

Akakunjua plani, karatasi pana kama shuka la maarusi. Ukumbi wa chakula: upo. Ukumbi wa mikutano: upo. Pa kuegesha magari: ndege zote za uwanja wa Luano zingelala humo. Jukwaa nimelitafuta kwa kidole mpaka nikalikuta kule pembeni, limebanana na choo, limejaa vimraba vimraba. Nikauliza, "Papa, hivi vimraba ni nini?" Akasema, "Karo nyeupe, Mama."

Nikamweleza kwa heshima. Mchezaji atateleza. Magoti yatakufa. Jukwaa la ngoma ni mbao, zinainuliwa juu ya boriti ili zibonyee kidogo mguu unapotua. Akanitazama kama mtoto aliyemwaga uji, akasema:

"Mama, karo ni rahisi kupangusa."

KUPANGUSA! Na mkono akauzungusha hewani polepole, kama anafuta meza watu wakishamaliza bukari (ugali)! Nimecheza miaka 22. Nimecheza kwenye saruji, kwenye vumbi la Kenya, ile komini ya hapa mjini, nimecheza juu ya kamiyo (lori). Goti langu la kushoto linajua mvua kabla ya mawingu. Halafu mtu ananiambia kupangusa!

Pembeni mwa jukwaa hakuna hata pa kujificha. Anayesubiri zamu yake atokee wapi, dirishani? Paa ni bati tupu: mvua ya Januari ikishuka, hata ukipiga ngoma kumi utaonekana unapapasa hewa. Grupu la umeme (jenereta) wameliegemeza kwenye ukuta wa nyuma ya jukwaa, kwa hiyo kila mchezo utakuwa na mhusika anayenguruma. Hayo ningeyameza. Kupangusa imekwama hapa kooni. Mji wa Mufwankolo huu, mchekeshaji wa jukwaani aliyetuchekesha na kututoa machozi kwa Kiswahili chetu wenyewe, leo jukwaa lake linapimwa kwa deki!

Mwana_Katuba:
Koti la buluu 😂😂 Namjua. Kwetu alichora vyoo vya soko, mlango ukifunguka unakugonga umechuchumaa.

Muzee_wa_Zamani:
Binti yangu, teatri tulikuwa nayo tangu 1956, ile aliyoichora Strebelle. Ilikuwa na jukwaa la kweli, si mchezo. Baadaye ikawa Jengo la 30 Juin, na bunge la jimbo likaingia. Wewe unalilia karo. Mimi nauliza: hilo jipya likishakauka rangi, nani atakaa ndani? Hilo liandikwe kwenye karatasi kabla ya tofali la kwanza.

Mama_Ngoma:
Muzee, umesema kweli, nakupigia magoti (lile la kulia). Lakini hata hao wa bunge wangeingia, wangeteleza! Alisema KUPANGUSA, Muzee!

Breki_Ruashi:
Mama pole, lakini sisi wa breki-densi tunaozunguka kwa kichwa karo tunazipenda. Mbao zinaunguza nywele.

Mama_Ngoma:
Jukwaa lenyewe ni godoro la mtu mmoja, mwanangu. Utazungukia kichwa chooni.

Bina_Goma:
Nyinyi wa Lubumbashi mnadeka! Huku tunacheza juu ya mawe ya volkeno tangu Nyiragongo ilipopita katikati ya mji 2002. Mwaka 2021 ikatuongezea mengine. Mtu akiniletea karo nampikia kuku.

Mwana_Katuba:
Goma wameanza. Kila uzi lazima mlima wao uingie.

Jirani_Kampemba:
Ukumbi wowote ujengwe, ujengwe mbali na mimi. Ukuta kwa ukuta na kwangu kuna sale (ukumbi) ya harusi. Kila Jumamosi spika zinatetemesha sufuria, saa tisa ya usiku bado wanamwita shangazi wa bibi arusi aje acheze. Shangazi hachoki! Nimeanza kumchukia mtu ambaye sijawahi kumuona.

Yaya_Kamalondo:
Heri wewe una umeme wa spika. Kwetu delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) imekula nyama yangu yote ya friji.

Mwana_Katuba:
Nyama? Unanunua nyama na bei hii ya unga? Mpaka wa Kasumbalesa na Zambia, unga unakopitia, ukikohoa siku mbili tu, sisi tunalala na chai.

Mama_Ngoma:
Jamani, tulikuwa kwenye jukwaa. Mkutano wa pili ni Jumatano. Nani anakuja? Naenda na kipande cha mbao na kipande cha karo, nitamwomba aruke mara kumi juu ya kila kimoja, na koti lake hilo.

Yaya_Kamalondo:
Jumatano niko kwenye foleni ya unga.

Breki_Ruashi:
Mimi nitakuja, kama kuna mikate.

Papa_Parseli:
Samahani, nasoma tangu juu. Hizo karo nyeupe zinauzwa wapi? Namalizia bafu.

Jirani_Kampemba:
Nina boksi tatu zilizobaki. Pita kesho asubuhi, kabla ya saa nne.